Kitabu Nilichokificha na Paka Wetu Ikibali



Kila sifa njema anastahiki Allaah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), pamoja na watu wa nyumba yake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana mnaosoma, mwezi uliopita mzazi mmoja alinisimamisha nje ya msikiti baada ya Swala ya Ijumaa. Akaniambia: "Maalim, kijana wangu ameacha kudurusu. Kutwa anasoma mambo ya majoka na wachawi katika vitabu vya Kifaransa. Jana nimekichukua kitabu, na leo jioni nataka kukichoma. Nitakuwa nimefanya vizuri?"

Nilikosa jibu la haraka. Nilimwomba asikichome kwanza, anipe siku chache. Nikarudi nyumbani nikiwa na haya, kwa sababu swali lake lilinikuta mahali pangu hasa. Nami niliwahi kunyang'anya kitabu. Jibu langu kwake ni haya ninayoyaandika, na nimeona niwape na nyinyi, huenda yakamfaa mwingine.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Nina miaka arobaini na kitu, na zaidi ya nusu ya umri huo nimeutumia kufundisha watoto Qur'an, fiqhi na sira. Anayeujua mtaa wetu anajua kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani na ya msikitini, Kirundi ni cha majirani na jamaa, na Kifaransa ni cha shule. Mtoto wa hapa huanza siku kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine.

Mama yangu, Allaah amrehemu, alikuwa mtu wa upande wa Kigoma. Aliolewa huku zamani, akaja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kitabu kimoja cha hadithi: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Wenye kukijua wanajua kwamba ni kisa cha ajabu tupu. Yumo mfalme Rai wa Ughaibu, yumo Adili aliyetawala Janibu, wamo ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa ubaya wao, na yumo jini aitwaye Huria. Jalada lilikuwa limekwisha toka, na kurasa za mwanzo zimeshikwa kwa uzi. Mama alikuwa hakihitaji tena kitabu chenyewe. Kisa alikuwa nacho kichwani, na kila usiku baada ya Swala ya Isha wanangu walikuwa wakimzunguka mkekani, naye anawasimulia.

Mwezi wa Machi 2021, katika mvua za masika, binti yangu aliyekuwa na miaka kumi alirudi madrasa akiwa amebeba kitu ndani ya mtandio wake. Alikuwa mtoto wa paka, wa rangi ya majivu, amemtoa kwenye mfereji uliojaa maji. Mke wangu alitaka arudishwe nje. Mama akasema: "Mwacheni. Aliyeokolewa na maji harudishwi kwenye maji." Yakaisha.

Siku ya tatu tukagundua tabia ya mgeni wetu. Mchana alilala, usiku alizunguka vyumba vyote, akichungulia kila mlango. Mama akacheka akasema: "Huyu ni Ikibali." Katika kisa cha Adili, Ikibali ndiye mjumbe wa mfalme aliyeamka usiku na kuona siri ambayo mwenye nyumba alikuwa akiificha. Basi paka akaitwa Ikibali, na tukamwita dume, kwa kuwa Ikibali wa kitabuni ni mwanamume.

Nikiri kwamba mwanzoni sikumpenda. Asubuhi moja nilikuta anakunywa katika ndoo ya maji yangu ya udhu. Nikataka kuyamwaga. Binti yangu akasema, "Baba, si ulitufundisha habari za Abu Qatada?" Kweli nilikuwa nimewafundisha. Abu Qatada (R.A) alimiminiwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha bint Ka'b. Paka akaja, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha akimtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W) alisema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Hadithi hii wameipokea Imam Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Nikatawadha kwa maji yaleyale. Huo ulikuwa mwanzo wa kufundishwa na binti yangu mambo niliyomfundisha mwenyewe, na wala haukuwa mwisho.

Tukaishi hivyo kwa miezi tisa. Mama anasimulia, watoto wanasikiliza, paka yuko mapajani mwa Mama anakoroma, mimi niko pembeni nasahihisha mbao na madaftari. Sikuwa nikisikiliza. Niliona ni mambo ya bibi na wajukuu.

Desemba 2021 Mama alirudi kwa Mola wake. Inna lillaahi wa inna ilayhi raaji'uun. Tulimzika, tukapokea rambirambi, kisha watu wakarudi makwao, nami nikarudi darasani. Mke wangu akarudi kwenye biashara yake ya ndagala. Kila mtu alikuwa na pa kurudi. Binti yangu alibaki na mkeka.

Mimi sikuliona hilo. Nilichokiona, mwezi wa Februari 2022, ni kwamba taa ya chumba cha watoto haizimwi kwa wakati. Usiku mmoja nikafungua mlango ghafla. Binti yangu amekaa kitini, paka miguuni pake, na mkononi ana kitabu kinene cha Kifaransa, kurasa zaidi ya 300. Juu ya jalada pana joka la kijani linalotoa moto, na kijana aliyeshika fimbo inayong'aa. Nikasoma mistari miwili ya nyuma, nikakutana na neno la uchawi. Nikakifunga.

"Umekitoa wapi?" Akasema, "Kwa rafiki yangu wa shuleni, Baba." Nikamwambia kwamba nyumba ya mwalimu wa Qur'an haisomwi vitabu vya uchawi, na kwamba amebakiza juzuu nzima ya kudurusu. Hakubishana. Alisema "Ndiyo, Baba," akavuta shuka. Nikatoka na kitabu, nikakivingirisha katika kanzu yangu kuukuu, nikakitia ndani ya boksi la karatasi za mitihani chini ya rafu ya vitabu vyangu.

Mke wangu akaniuliza: "Mwalimu, umekisoma?"

Nikamwambia, "Jalada lake latosha."

Akasema, "Haya. Ila kadhi hahukumu kwa jalada." Kisha akalala.

Ndugu wazazi, katika miezi mitatu iliyofuata mtu angetutembelea angesema nina binti bora mtaani. Hakuchelewa kuamka. Juzuu aliimaliza. Taa ilizimwa mapema. Lakini kitu kimoja kilikwisha: maswali. Mtoto huyu tangu ajue kusema alikuwa akinifuata na maswali mpaka mlango wa choo. Kwa nini mwezi unatufuata? Majini wanakula nini? Paka ataingia Peponi? Sasa nikimuuliza hali, anajibu, "Alhamdulillah, Baba." Nikimuuliza shuleni wamesoma nini, "Kama kawaida, Baba." Adabu tupu. Nami nikajipongeza kwamba dawa imefanya kazi.

Ikafika mwezi wa Mei, baada ya Ramadhani na Idi. Darasani kwangu tulikuwa katika mlango wa tabia za Mtume (S.A.W) nyumbani kwake. Nikawasimulia watoto hadithi iliyo katika Sunan Abi Dawud, ambayo nimeisimulia labda mara ishirini katika maisha yangu. Mtume (S.A.W) alirudi kutoka safari ya vita, Tabuk au Khaybar, msimulizi ametia shaka. Nyumbani kwa Bi Aisha (R.A) palikuwa na pazia, upepo ukalifunua, wakaonekana wanasesere wake. Katikati yao Mtume (S.A.W) akaona farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akauliza ni kitu gani. Bi Aisha akamjibu kuwa ni farasi. Akamuuliza tena vipi farasi awe na mabawa. Bi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hajasikia kwamba Nabii Sulaymani (A.S) alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (S.A.W) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Watoto wakacheka, kama wanavyocheka kila mwaka. Nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukanyooka, safu ya tatu upande wa wasichana. Alikuwa binti yangu. Miezi mitatu hakuwa ameniuliza kitu.

Darasani huniita kama wenzake wanavyoniita. Akasema: "Maalim, alimnyang'anya yule farasi?"

Nikasema, "Hapana. Alicheka tu."

Akasema, "Shukran, Maalim," akakaa.

Hakuna mtoto mwingine aliyejua kilichopita pale. Niliendelea na somo, lakini sijui nilisema nini. Mtume wa Allaah, ambaye wahyi unamshukia, anakuta nyumbani kwake kitu ambacho hakipo duniani, farasi mwenye mabawa. Anauliza. Anasikiliza jibu. Anauliza tena. Kisha anacheka. Mimi sikuuliza hata swali moja isipokuwa kitabu kimetoka wapi. Na lile nililiuliza kama askari.

Jioni ile nikaenda kwenye rafu yangu kukitoa kitabu. Nikavuta boksi, likanguruma. Ndani, juu ya kanzu yangu kuukuu, alikuwa amelala Ikibali, na ubavuni mwake vitoto vinne vyenye macho yaliyofumba, vimelowa bado. Dume letu la mwaka mzima lilikuwa limezaa!

Nilimwita mke wangu, akaja akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwita binti yangu. Alipiga magoti, akatazama, na uso wake ukawa ule wa zamani. Kisha akaona pembe ya kitabu ikichomoza chini ya kanzu, na mkia wa joka la kijani. Akaniangalia. Nikasema, "Nilikuja kukichukua nikisome."

Mtoto akaanza kulia. Nikadhani ni furaha. Nikamuuliza, na ndipo nikajua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinabana. Kitabu kile hakikuwa chake, kilikuwa amana. Kila wiki rafiki yake alikuwa akimdai, na kila wiki yeye alikuwa akimjibu: "Subiri kidogo. Baba bado anakisoma."

Tuitazame hali hii kwa mizani tunayoifundisha. Mwalimu wa Qur'an amekalia mali ya mtoto wa watu kwa miezi mitatu bila idhini yake, naye husomesha mlango wa amana kila mwaka. Mtoto wake, ili kumsitiri, amelazimika kusema uongo. Nilikuwa nikihofia kitabu kile kitaharibu dini ya binti yangu. Kumbe uongo ule aliufundishwa na mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ni cha kurudisha. Akasema, "Hukuniuliza, Baba." Kisha, akimpapasa paka, akaongeza kwa sauti ndogo: "Bibi alipokuwepo sikuwa nahitaji kitabu."

Hapo nikakumbuka mkeka.

Kesho yake nilifuatana naye mpaka nyumbani kwa rafiki yake. Nilimwomba radhi binti yule mbele ya baba yake, nikawaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Baba yule, jirani mwema asiye Mwislamu, alishangaa mtu mzima na kofia yake anamwomba radhi mtoto. Akasema tuendelee kukaa nacho mpaka tukimalize. Binti yangu alikuwa ameshasema Baba anakisoma. Basi ikanibidi nikisome kweli.

Tulianza usiku uleule, kurasa mbili mbili baada ya Isha. Kifaransa changu ni cha zamani na kina kutu, chake ni kibichi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Nikikwama, ananisahihisha, na huwa hakosi kutabasamu. Umeme ukikatika, jambo ambalo si geni kwetu, tunawasha tochi. Ikibali alikuwa akitoka katika boksi lake, akila ndagala zake, akija kukaa juu ya ukurasa hasa tunaousoma. Paka hukaa hapo kila mara, wenye paka mnajua.

Kitabu chenyewe kilikuwaje? Kilikuwa na mambo ambayo mimi kama mwalimu siyapendi. Mzee mmoja humo anajidai kujua ghaibu, na kuna fimbo inayofanya kila kitu. Tulisimama kwenye kurasa hizo tukazungumza. Nikamuuliza, "Hapa tunasemaje sisi?" Akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia: ghaibu anaijua Allaah peke yake, uchawi ni haramu wala si mchezo, na haya ni maneno ya kubuni, mwandishi mwenyewe anajua kuwa si kweli. Lakini kulikuwa na kurasa nyingine pia. Kijana wa kitabuni anapata njia ya kutoroka kifungoni, na anarudi kwa sababu mdogo wake amebaki ndani. Usiku huo binti yangu alizungumza kuhusu Bibi kwa saa nzima. Tangu mazishi hakuwa amefanya hivyo. Kama nisingekuwa nimekaa pale, angeyasema kwa nani? Kwa paka.

Tulipokimaliza tukakirudisha kikiwa na jalada jipya la karatasi. Kisha tukafungua sanduku la bati la Mama, tukatoa Adili na Nduguze, tukaanza ukurasa wa kwanza uliobaki. Kwa mara ya kwanza nilisikiliza kisa kile nikiwa mtu mzima. Nikajifunza kwamba wajuzi wa fasihi wamekifananisha na kisa cha Abdullah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela, ila katika kile cha Kiarabu ndugu waligeuzwa mbwa, na Shaaban Robert akawafanya manyani. Binti yangu alipolijua hilo alifurahi kana kwamba ameokota dhahabu. Hadithi moja imesafiri kutoka kwa Waarabu mpaka Tanga, na kutoka Kigoma mpaka mkeka wetu wa Buyenzi.

Hapo ndipo nikaanza kuona kwamba umma huu haukuwa maskini wa hadithi za ajabu. Ibn al-Muqaffa', katika karne ya 8, alifasiri Kalila wa Dimna kutoka Kiajemi cha zamani, kitabu chenye asili ya Bara Hindi ambamo simba, ng'ombe na mbweha wanazungumza na kupeana nasaha. Ibn Tufayl wa Andalusia, katika karne ya 12, aliandika Hayy bin Yaqdhan, kisa cha mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akamfikia Muumba wake kwa kutafakari. Hawa walikuwa Waislamu waliojua kwamba akili ya mtu huweza kupanda farasi mwenye mabawa na kurudi nyumbani salama.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Ijumaa ile. Nyumbani kwetu tumekubaliana hivi.

Kwanza, Swala na Qur'an havisogezwi. Hadithi zina wakati wake, baada ya wajibu.

Pili, mzazi asikihukumu kitabu ambacho hajakifungua. Asome walau kurasa ishirini, na mwanawe awe karibu. Kama kweli kina upotofu, kama kinaita kwenye shirki au uchafu, tunakiacha, na mtoto anaelezwa sababu kwa maneno anayoyafahamu. Vimetokea vitabu viwili vya namna hiyo. Tulivirudisha, na binti yangu hakununa, kwa sababu tulivisoma wote.

Tatu, kitabu cha kuazima kina tarehe ya kurudi, imeandikwa ukutani. Hii ni kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake.

Nne, kila mmoja nyumbani ana jambo analolipenda, na wengine hujitia ndani yake walau kidogo. Mke wangu hushona makawa, nasi tunamchagulia rangi. Mwanangu mdogo wa kiume anapenda mpira, nami nimekuwa golikipa mbovu kuliko wote mtaani. Mtume (S.A.W) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A), akashindwa mara moja na akashinda mara moja. Hakuna heshima ya baba iliyopotea kwa kukimbia.

Na paka? Nimalizie kwake, maana vijana wa darasani wataniuliza.

Watoto wake wanne tuliwagawa kwa majirani walipotimiza miezi miwili. Katika siku zile tulijifunza mengi: kwamba maziwa ya ng'ombe huwaharibu paka wengi tumbo, na maji safi ni bora kwao, na kwamba kufuga ni jukumu. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Pia wanafunzi wangu walikuwa wakisimulia kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa na paka aitwaye Muezza, akakata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe. Kisa hicho ni maarufu, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, basi tusimzulie Mtume wetu. Hadithi sahihi zinatutosha. Yumo Abu Hurayra (R.A), ambaye ulimwengu mzima unamjua kwa jina la kipaka chake.

Mwaka 2024, katika mwezi wa Shaaban, Ikibali aliugua. Aliacha kula siku mbili, na asubuhi ya siku ya tatu tulimkuta amekufa katika boksi la mitihani, juu ya ile kanzu. Mwanangu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, alilia kilio cha mtu mkubwa. Mimi nilikuwa nimechelewa darasani, na ulimi ulikuwa tayari kusema, "Mwanangu, ni paka tu."

Nikajizuia. Nilimkumbuka Abu 'Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A). Alikuwa mtoto mwenye kijindege alichokuwa akicheza nacho, kikafa, akahuzunika. Mtume (S.A.W) alipomkuta na huzuni yake, alimwita kwa kunia kama mtu mzima, akamuuliza habari za kijindege chake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa Kishafi'i wa karne ya 4 Hijria, Ibn al-Qass, alitunga kijitabu kizima juu yake na akatoa humo faida sitini. Mimi siku ile nilihitaji moja tu. Kiongozi wa umma, mwenye mzigo wa dini yote begani, alisimama kwa ajili ya mtoto na ndege.

Nikavua kofia, nikakaa chini. Nikamuuliza mwanangu, "Ikibali alikuwa akipenda nini zaidi?" Akanieleza kwa kwikwi: ndagala, boksi, na kukaa juu ya kitabu. Binti yangu, sasa msichana wa miaka kumi na mitatu, akaja akakaa upande wa pili. Tulimfukia Ikibali nyuma ya nyumba, chini ya mpapai. Darasani nilifika nimechelewa nusu saa, nikawaeleza watoto sababu. Hakuna aliyecheka.

Usiku ule baada ya Isha tulitandika mkeka. Binti yangu alichukua Adili na Nduguze, lakini hakukifungua. Akamgeukia mdogo wake, akaanza kumsimulia kisa kwa kichwa, kwa sauti na mikono ileile ya Mama. Alipofika pale mjumbe Ikibali anapoamka usiku na kuchungulia, mdogo wake akacheka huku machozi yakiwa bado shavuni. Nami nilikuwa pembeni, nimeacha madaftari, nasikiliza.

Ndugu yangu uliyenisimamisha msikitini, kitabu cha mwanao usikichome. Kichukue leo usiku, mwendee kijana wako, umwambie akusomee kurasa mbili. Pengine utakuta ndani yake kuna la kukataza, basi utakataza naye atakusikia, kwa kuwa atajua kwamba umesoma. Na kama anacho kipaka, kisogezeeni karibu.

Namwomba Allaah (S.W) Awarehemu wazee wetu waliotusimulia, Atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na Atusamehe pale tulipokuwa wakali kabla ya kuwa wasikivu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.